Bia ya nyumbani Marekani: Sheria iguse mauzo, isiguse sufuria

Ukurasa huu kwa kawaida huzungumzia bei za mazao, hisa na viwango vya kubadilisha fedha. Wiki hii tunamwomba msomaji aingie nasi jikoni, tena jikoni kwa Wamarekani, kwa sababu huko kuna somo la biashara ambalo mfanyabiashara na mwenye hisa chache hapa kwetu hapaswi kulipita hivi hivi. Somo lenyewe linahusu sheria za pombe za majimbo ya nchi ile na watu wanaojipikia bia nyumbani kwa kujifurahisha, bila nia ya kuuza.

Hoja yetu ni fupi. Jimbo linalotaka biashara ya bia ikue linapaswa kumruhusu mtu mzima apike bia kwa kiasi kilichowekwa, ainywe, awagawie jamaa zake na aipeleke kwenye mashindano bila kuomba leseni. Mkono wa sheria uanzie pale pesa inapopokelewa. Wapo wanaosema kwamba kufanya hivyo kutapunguza ushuru na kuumiza viwanda. Wenye maoni hayo hawajafanya hesabu. Sisi tumeifanya, na tutaionyesha.

Ilikuwaje

Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia Januari 1920. Marufuku hiyo ilipoondolewa Desemba 1933 kwa Marekebisho ya 21 ya Katiba, madaraka makubwa ya kusimamia pombe yaliachwa mikononi mwa majimbo. Kila jimbo likajitungia sheria yake, na mengi yakachagua mfumo wa ngazi tatu: mtengenezaji amuuzie msambazaji, msambazaji amuuzie mwenye duka au baa, na huyo ndiye amuuzie mnywaji.

Katika ngazi hizo, mtu anayepika ndoo moja ya bia jikoni kwake hakuwa na mahali pa kusimama. Hakuwa mtengenezaji mwenye leseni, wala msambazaji, wala mwenye baa. Sheria ya shirikisho iliruhusu familia kujitengenezea divai nyumbani, lakini bia iliachwa nje kwa miaka 45.

Kosa hilo lilisahihishwa Oktoba 14, 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini muswada namba H.R. 1337. Kuanzia Februari 1979, nyumba yenye mtu mzima mmoja iliruhusiwa kupika galoni 100 kwa mwaka bila kulipa ushuru, na yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200. Kwa vipimo vyetu, galoni 100 ni lita 378 na galoni 200 ni lita 757. Sharti kubwa lilikuwa moja: bia hiyo isiuzwe.

Hata hivyo, sheria ile iliondoa kikwazo cha Washington peke yake. Jimbo lililotaka kukataza liliendelea kukataza. Utah ilifungua mlango mwaka 2009 na Oklahoma mwaka 2010. Wa mwisho walikuwa Mississippi na Alabama, mwaka 2013, yaani miaka 35 baada ya saini ya Carter. Gavana Phil Bryant wa Mississippi alitia saini mwezi Machi na sheria ikaanza kazi Julai 1. Gavana Robert Bentley wa Alabama alitia saini mwezi Mei. Msomaji asishangae kwamba Mississippi ilichelewa, kwani ndilo jimbo lililokuwa la mwisho pia kuachana na marufuku yake ya pombe, mwaka 1966.

Duka halali, sufuria haramu

Kabla ya hapo hali ya Alabama ilikuwa kichekesho kwa mtu yeyote aliyewahi kushika daftari la hesabu. Kimea cha shayiri kiliuzwa hadharani. Hopsi ziliuzwa hadharani. Hamira, ndoo, mipira ya kupitishia bia na vifuniko vya chupa vilikuwa kwenye rafu, na mwenye duka alilipa kodi yake kama kawaida. Mteja alipofika nyumbani na kuvichanganya vitu hivyo katika sufuria, alikuwa amevunja sheria. Mwaka 2012 maofisa wa pombe wa jimbo waliingia katika duka moja mjini Birmingham na kuchukua vifaa vya kupikia bia vilivyokuwa vikiuzwa humo. Mwenye duka na wateja wake ndipo walipotambua kwamba sheria ambayo haitumiki kila siku bado inaweza kuamka siku yoyote.

Hapa ndipo penye hasara ambayo haionekani katika takwimu. Mfanyabiashara hawezi kuagiza mzigo mkubwa wa bidhaa ambayo matumizi yake ni kosa. Benki haimkopeshi, na mwenye nyumba anasita kumpangisha. Bidhaa ipo, mteja yupo, lakini soko linabaki dogo kwa hofu.

Sheria ya Alabama ya 2013 iliondoa hofu hiyo kwa nusu tu. Iliweka kiwango cha galoni 15 kwa kila miezi mitatu, yaani galoni 60 kwa mwaka, au lita 227. Kiwango hicho ni chini ya theluthi moja ya kile ambacho serikali ya shirikisho inairuhusu nyumba ya watu wazima wawili. Aidha, wakazi wa maeneo makavu, yaani yale yaliyopiga kura kukataza pombe, hawakupata ruhusa hiyo.

Mfano wa Oregon unafundisha zaidi. Jimbo hilo ni miongoni mwa wakulima wakuu wa hopsi nchini Marekani, na viwanda vyake vidogo vya bia vinajulikana kila mahali. Lakini mwaka 2010 maofisa walisoma upya sheria yao ya zamani, wakakuta kwamba inaruhusu bia ya kunywewa nyumbani tu. Wakatafsiri kwamba chupa ikivuka kizingiti ni kosa. Mashindano ya bia za nyumbani katika maonyesho ya jimbo yakafutwa mwaka ule. Watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakibeba chupa mbili tatu kwenda kuonjwa na waamuzi wakajikuta wahalifu bila kubadilisha chochote katika mwenendo wao. Bunge la jimbo lilirekebisha jambo hilo mwaka 2011, na Wisconsin ikafanya marekebisho ya namna hiyo mwaka 2012.

Tunalitaja hili kwa sababu wengi hudhani kwamba ruhusa ya kupika inatosha. Haitoshi. Mpishi asiyeruhusiwa kumwonjesha mwenzake hajui kama amekosea. Katika mashindano, waamuzi humwandikia kwamba bia yake ina harufu ya siagi, kwamba hamira ilipata joto kupita kiasi, kwamba chupa hazikusafishwa vizuri. Hilo ni darasa la bure la udhibiti wa ubora, na kiwanda cha kesho hukihitaji.

Hesabu ya ushuru

Sasa tuje kwenye hoja ya mapato ya serikali. Ushuru wa bia wa shirikisho hutozwa kwa pipa la galoni 31. Kiwango cha kawaida kwa mapipa milioni 6 ya kwanza ni dola 16 kwa pipa, na kiwanda kidogo hulipa dola 3.50 kwa mapipa yake 60,000 ya kwanza.

Tuchukue nyumba ya watu wazima wawili inayopika hadi kikomo cha galoni 200. Hayo ni mapipa 6 na nusu hivi. Kwa kiwango cha juu, serikali inakosa dola 103 kwa mwaka. Kwa kiwango cha kiwanda kidogo, inakosa kama dola 23. Na hii ni nyumba inayojaza chupa 1,500 za nusu lita kila mwaka, jambo ambalo mtu mwenye kazi na familia hawezi kulifanya kwa urahisi. Mpishi wa kawaida hupika galoni 5 kwa mara moja, na kila mpiko humchukua siku nzima ya mapumziko kabla ya kusubiri wiki kadhaa ichache na itulie.

Hesabu hiyo inadhani pia kwamba kila lita ya nyumbani imechukua nafasi ya lita ya dukani, jambo ambalo si kweli. Mtu anayejifunza kupika hununua bia nyingi za aina mbalimbali ili alinganishe. Juu ya hapo, hununua sufuria, kipimajoto, kimea, hopsi na hamira, na majimbo mengi hutoza kodi ya mauzo kwa vitu hivyo. Serikali inayoacha dola 23 mlangoni na kuzifuata dirishani haijapoteza kitu cha kuombolezea.

Waliotoka jikoni

Faida kubwa, hata hivyo, haiko kwenye ndoo. Iko kwa mpishi mmoja kati ya wengi ambaye siku moja anaamua kufungua kiwanda.

Ken Grossman alifungua duka la vifaa vya kupikia bia mjini Chico, California, mwaka 1976. Mwaka 1980, yeye na Paul Camusi walipika bia ya kwanza ya kiwanda chao, Sierra Nevada, kwa mitambo waliyoiunga wenyewe, mingine ikiwa vyombo vya zamani vya maziwa. Jim Koch alijaribia jikoni kwake fomula ya mababu zake mwaka 1984, na kutoka hapo ikaanza kampuni ya Boston Beer yenye bia ya Samuel Adams. Charlie Papazian aliyekuwa akifundisha watu kupika bia mjini Boulder, Colorado, alianzisha pamoja na Charlie Matzen chama cha wapika bia wa nyumbani mwaka 1978, mwaka ule ule wa sheria ya Carter.

Wakati ule Marekani nzima haikuwa na viwanda vya bia hata 100. Soko lilikuwa la makampuni makubwa machache na bia zao zilifanana. Leo viwanda vimezidi 9,000, vingi vikiwa vidogo. Sehemu kubwa ya walioanzisha viwanda hivyo walijifunza kazi kwenye sufuria zao wenyewe, kwa gharama zao, wakimwaga wenyewe bia iliyoharibika. Hakuna serikali iliyowalipia mafunzo wala benki iliyobeba hasara ya majaribio. Mtu aliyesoma biashara anajua thamani ya utafiti unaofanywa bila kumgharimu mwekezaji senti moja.

Neno kwa mwenye hisa chache

Tusije tukamdanganya msomaji kwamba kila anayegusa bia anatajirika. Boston Beer ilipouza hisa kwa umma Novemba 1995, iliwapa wanywaji wake nafasi ya kununua hisa 33 kila mmoja kwa dola 15, wakati wengine walizinunua kwa dola 20. Wengi walifurahi. Kabla muongo haujaisha, hisa hiyo ilikuwa imeshuka chini ya dola 10. Aliyevumilia aliona bei ikivuka dola 1,000 mwaka 2021, kinywaji chake chenye mapovu cha Truly kilipovuma. Aliyenunua katika kilele hicho aliona zaidi ya nusu ya mtaji wake ikiyeyuka kabla ya mwisho wa mwaka 2022. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi tunaongeza kwamba hisa ikisifiwa sana mnunuzi afungue macho.

Hata viwanda vidogo vimefika mahali pa kubanana. Mwaka 2024 vilivyofungwa Marekani vilikuwa vingi kuliko vilivyofunguliwa. Hiyo ndiyo kazi ya soko huria: mlango wa kuingia ukiwa wazi, wa kutoka nao uko wazi. Sheria nzuri haimhakikishii mtu faida. Inamhakikishia nafasi ya kujaribu.

Makampuni makubwa yenyewe yanajua chanzo cha ushindani kiko wapi. Mwaka 2016 kitengo cha uwekezaji cha AB InBev, kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani, kilinunua Northern Brewer, moja ya maduka makubwa ya vifaa vya wapika bia wa nyumbani Marekani. Mwaka huo huo AB InBev iliinunua SABMiller, iliyokuwa mwenye hisa nyingi katika Kampuni ya Bia Tanzania, TBL. Kwa hiyo, msomaji mwenye hisa zake chache za TBL katika Soko la Hisa la Dar es Salaam alikuwa, kwa mbali, ndani ya nyumba moja na yule anayemuuzia Mmarekani ndoo ya kuchachushia. Ilipofika mwanzoni mwa 2020 duka hilo lilikuwa limekwisha uzwa kwa wawekezaji wengine. Biashara ya burudani ina misimu yake, na mkubwa alipoona haimletei alichotaka, alitoka.

Hofu za haki na zisizo za haki

Wapinzani wa mabadiliko wana hoja ambazo hazistahili kudharauliwa. Ya kwanza ni afya. Bia iliyopikwa vibaya huchacha ikawa kali kama siki au hunuka, na chupa iliyotiwa sukari kupita kiasi inaweza kupasuka. Lakini bia haichemshwi ili kukamata mvuke wake kama gongo, kwa hiyo hatari za pombe kali hazipo kwa kiwango kile. Ndiyo maana sheria ya Marekani inaitenga bia na pombe kali. Kupika pombe kali nyumbani kunakatazwa na sheria ya shirikisho, ingawa Julai 2024 jaji mmoja mjini Fort Worth, Texas, aliamua kwamba marufuku hiyo inavuka mipaka ya katiba, na serikali ikakata rufaa. Sisi hatutetei pombe kali ya jikoni. Anayeichanganya na bia katika mjadala mmoja hamsaidii mtu yeyote.

Hoja ya pili ni kwamba wapo watakaouza kwa mlango wa nyuma. Watakuwapo. Lakini kuuza bila leseni ni kosa kabla na baada ya mabadiliko, na ofisa aliyeondolewa kazi ya kuchungulia majikoni anapata muda zaidi wa kuwafuata wanaouza. Hoja ya tatu ni watoto. Sheria hizi humhusu mtu mzima, ambaye kwa pombe kule ni wa miaka 21, na hakuna anayependekeza kiwango hicho kishushwe.

Hapa Afrika Mashariki tusije tukainakili sheria hiyo kama ilivyo. Mbege ya Kilimanjaro, ulanzi wa Iringa na komoni hupikwa zaidi kwa kuuza, na mama anayepika anasomesha watoto kwa fedha hiyo. Yeye anahitaji leseni nafuu, maji safi na mahali pa kuuzia, mambo ambayo mpishi wa burudani wa Alabama hayahitaji. Kenya ilihalalisha chang'aa mwaka 2010 kwa masharti ya leseni na ufungashaji. Hata hivyo, vifo vya mwaka 2014 vilivyotokana na vinywaji vilivyotiwa methanoli vilionyesha kwamba hatari kubwa huingia katika mlolongo wa mauzo, pale mtu anapotafuta faida ya haraka. Hilo linatia nguvu hoja yetu kwamba jicho la dola likae sokoni.

Nini kifanyike

Kwa majimbo ya Marekani ambayo sheria zao bado zinabana, mambo manne yangetosha. Kwanza, kiasi kinachoruhusiwa kilingane na kile cha shirikisho, galoni 100 na 200, ili mtu asiwe halali Washington na mhalifu nyumbani kwake. Pili, sheria itamke wazi kwamba bia inaweza kutolewa nje ya nyumba kwa kuonjwa, kwa mashindano na kwa mikutano ya vyama. Tatu, mauzo yabaki marufuku bila leseni, na adhabu yake iwe ya kweli. Nne, anayetaka kutoka jikoni kwenda kiwandani awekewe leseni ya kiwanda kidogo kwa ada inayolingana na ukubwa wake.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha za bajeti. Ni kalamu ya mbunge na saini ya gavana tu. Alabama yenyewe ilikwisha onja faida ya kulegeza: mwaka 2009 ilipandisha kikomo cha ukali wa bia kutoka asilimia 6 hadi 13.9, na baada ya hapo viwanda vidogo vikaanza kuchipua katika miji yake.

Kwa msomaji wetu mfanyabiashara, ushauri ni kwamba ukitaka kujua soko la bidhaa litakwenda wapi, usitazame kiwanda peke yake. Tazama wanaoifanya kazi hiyo kwa mapenzi, halafu uisome sheria inayowahusu. Ikiwa inawaogopa, soko hilo litabaki mali ya wachache waliokwisha ingia. Ikiwa inawaacha wajaribu, weka akiba yako tayari, na uifanye hesabu yako mwenyewe kabla ya kununua.